Tundu Tatu

Dalali alitaka nije mchana wa jua,
nyumba imefagiliwa, madirisha wazi,
na upepo wa Machomane uisifie kwa niaba yake.
Nikamwambia: nitakuja siku ya mvua.
Akacheka. "Bi Hidaya, nani anunuaye nyumba kwa mwavuli?"

Mie.
Mie niliyelala vyumba tisa:
cha shangazi Wete, nyuma ya magunia ya mkaa;
cha mume, miaka sita, na siku ya talaka
nikatoka na sindano zangu nimezichomeka upindo wa kanga,
kwani hata kitanda, kumbe, kilikuwa cha mama yake;
na vya kupanga, ambako mwenye nyumba hubisha hodi
keshaingia.

Pesa hizi hazikuja kwa mkupuo.
Zimetoka kwenye kofia za kiua,
tundu moja, uzi kuizunguka, tundu nyengine,
mpaka kitambaa kikawa hewa kuliko nguo.
Kofia moja, miezi mitatu. Mteja naye:
"Punguza, bibi, si kofia tu?"
Zimetoka kwenye karafuu za watu, mwaka wa zao,
pishi kwa pishi, vidole vyeusi hata siku ya Idi.
Na kibati cha wanawake ishirini,
zamu yangu ya mwisho,
na mwenyewe ndiye niliyeiomba iwe ya mwisho:
ya kwanza ningeila.

Kitasa nilikinunua kabla ya yote.
Miaka minne kimelala ndani ya kopo la maziwa,
funguo zimepakwa mafuta zisishike kutu.
Binti yangu Salhina aliuliza kinafunga nini.
Bado kinatafuta mlango, nikamwambia.

Basi Jumanne masika yakajimwaga juu ya Chake,
njia ikawa rangi ya chai ya maziwa,
nikenda. Dalali kabaki barazani, viatu mkononi.
Nikaingia peke yangu, nikazima tochi.
Nyumba husikilizwa gizani.

Bati likaunguruma. Halafu, chini ya mngurumo,
to.
Chumba cha pili, pembeni.
To, to.
Ukumbini, karibu na waya wa taa.
Tone la tatu lilichelewa kama mgeni mwenye haya,
likaniangukia begani.

Tundu tatu.
"Ndogo hizo!" dalali akapaza sauti. "Fundi siku moja!"
Ndogo, najua. Mie ndiye wa kufunzwa tundu?
Laki tatu nikazikata kwenye bei papo hapo,
na sauti haikutetemeka. Goti, ndiyo.

Nilipowasha tochi nikaliona ukutani,
kimo cha mtu aliyekaa,
doa la mafuta ya nazi, la mviringo:
kichwa cha marehemu Bi Zuwena,
miaka arobaini kikiegemea pale pale.
Nilikuwa nimekwisha kuchagua rangi ya ukuta ule.
Sasa sijui.

Warithi saba. Sita wametia saini mbele ya sheha.
Wa saba yuko Maskati, simu yake huita ikakatika.
Huenda na yeye huliona doa hili
kila akishika kalamu.
Simlaumu. Lakini kila alfajiri, baada ya sala,
namwombea wino.

Nyumba si yangu. Hati haijaandikwa,
pesa ziko benki, kitasa kimo koponi.
Nikavuka njia hadi dukani kwa Shaame,
mvua inanichapa, mwavuli nimeusahau ndani,
nikanunua ndoo.

Asubuhi dalali akapiga simu.
"Kuna ndoo ya buluu chumba cha pili, imejaa pomoni. Ya nani?"
Yangu, nikasema.
Imwage,
kisha irudishe pale pale.